Sikukuu ya mapendo ndani ya hema



Kila mwaka tarehe 14 Februari, mjini Goma kama katika miji mingi ya dunia, watu hufanya sikukuu ya wapendanao. Maduka hutundika vitambaa vyekundu, vijana hutafuta maua, na bwana mwenye mshahara huulizwa na rafiki zake: “Umemnunulia nini mama watoto?” Hayo tunayajua. Leo napenda tulifikirie swali lisilotajwa sana. Mume na mke wasio na nyumba, wanaokaa ndani ya hema au kibanda cha shitingi, ambao fedha yao haitoshi hata kwa makala ya kesho, je, hao nao wana sikukuu ya mapendo? Na kama wanayo, waifanyeje bila kujidanganya na bila kuvunja haki?

Aliyeshiba aweza kulicheka swali hili. Asicheke. Ndoa nyingi zimevunjika ndani ya vibanda, wala hazikuvunjwa na njaa peke yake.

Kwanza tuijue sikukuu yenyewe. Mtakatifu Valentino alikuwa shahidi wa karne ya tatu, akazikwa huko Roma kando ya njia iitwayo Flaminia. Habari za maisha yake ni chache, hata mwaka 1969 Kanisa liliiondoa sikukuu yake katika kalenda ya wote, na siku hiyo sasa tunawakumbuka Watakatifu Sirili na Metodi. Jina lake limebaki katika orodha ya mashahidi. Desturi ya wapendanao ilikuja baadaye sana: katika karne ya 14 Geoffrey Chaucer, mshairi wa Uingereza, alitunga shairi juu ya ndege wanaochagua wenzao siku ya Valentino. Maua na zawadi za madukani vilifuata nyuma. Basi ajuaye asili hii hatadhani kwamba asiye na maua amefukuzwa katika sikukuu. Mwanzo wake ni damu ya shahidi, na ndege wa porini, ambao hawana fedha.

Tena, kukaa mahali pasipo pa kudumu si jambo letu peke yetu. Huko Marekani wako watu wengi wanaokaa ndani ya magari makubwa yaliyotengenezwa kama nyumba: kitanda nyuma, jiko kando, meza ndogo ya kukunja. Wengine wameyachagua maisha hayo kwa kupenda safari; wengine wameingia humo kwa kuwa kodi ya nyumba imewashinda. Nao siku hiyo ikifika huulizana: Tufanyeje sikukuu kwa fedha kidogo, katika chumba kisicho na nafasi ya kugeuka?

Nyumba zao zina magurudumu. Za watu wetu hazikuwa nayo, lakini zilihama vilevile. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka, ukapita katikati ya Goma hata ziwani, ukaharibu nyumba za maelfu ya watu pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitapika tena, na siku tano baadaye watu wakaamriwa kuhama. Wengine walikwenda Sake na Minova, wengine wakavuka mpaka kwenda Gisenyi. Halafu vita. Tangu mwisho wa mwaka 2021, M23 waliposhika tena silaha, watu wa Rutshuru, wa Masisi na wa Nyiragongo walikimbilia kando ya mji, hata Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo pakajaa vibanda: matawi ya miti yaliyopindwa na kufunikwa shitingi, juu ya mawe makali ya volkano. Wengi walikaa humo miaka. Mji ulipochukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango. Na katika Februari watu wakaambiwa waziache kambi, nazo nyingi zikabaki tupu kwa siku chache. Hivyo sikukuu ya Valentino ya mwaka ule iliwakuta mabwana na mabibi wengi njiani, shitingi imekunjwa kichwani, wakirudi kwenye vijiji ambavyo hawakujua kama nyumba zao bado zimesimama.

Sasa tusikilize maneno ya watu. Bwana mmoja husema: “Maskini hana sikukuu. Tungoje kwanza. Tukirudi kwetu, tukipata nyumba na shamba, hapo nitamheshimu mke wangu kama inavyofaa.” Neno hili lina sura ya busara, tena lina uchungu wa kweli ndani yake. Lakini si neno la kweli. Abrahamu na Sara walizeeka ndani ya hema. Wageni watatu walipowatembelea huko Mamre, Abrahamu alikuwa ameketi mlangoni pa hema wakati wa jua kali, na Sara akakanda unga humo humo. Isaka alipomwoa Rebeka alimwingiza katika hema la mama yake, akampenda. Hatusomi kwamba alingoja kwanza nyumba ya mawe. Na Mungu aliwaamuru Waisraeli wafanye kila mwaka Sikukuu ya Vibanda: waziache nyumba zao, wakae siku saba ndani ya vibanda vya matawi, wafurahi mbele yake, wakumbuke jinsi baba zao walivyokaa safarini walipotoka Misri. Angalieni basi: vibanda vya matawi, ambavyo sisi twavionea aibu, Mungu aliviweka viwe mahali pa furaha.

Tena kuna jambo la kutisha katika habari ya Abrahamu. Aliahidiwa nchi nzima, lakini shamba la kwanza alilolinunua kwa fedha lilikuwa shamba la Makpela, apate pango la kumzika Sara. Alilipa shekeli 400. Abrahamu alimheshimu mkewe katika uzima na katika kufa. Lakini wako wengi kwetu ambao huanza siku ya kufa. Mke aliyeishi miaka ishirini bila kuambiwa “asante” hununuliwa sanduku zuri, na mumewe hukopa fedha ili watu wale na kunywa kwenye matanga. Ndugu yangu, kikombe cha chai anachopewa akiwa hai kina thamani kuliko ng'ombe anayechinjwa akiwa kaburini.

Bwana wa pili husema kinyume: “Mimi sitaonekana maskini. Nitakopa dola kwa jirani, nimnunulie mke wangu kitenge, watu wa kambi wajue kwamba mimi ni mwanaume.” Tumwulize: Zawadi hiyo unampa nani? Kama ni mke wako, mwulize kwanza kama anataka kitenge ambacho deni lake litakula bugali ya watoto mwezi mzima. Kama ni macho ya jirani, basi umewapa jirani, na mkeo umemfanya mti wa kutundikia nguo. Chakula cha watoto ni haki yao, nayo haki hutangulia zawadi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba ukarimu haupimwi kwa wingi wa kitu kinachotolewa. Hupimwa kwa moyo wa mtoaji na kwa uwezo wake. Bwana wetu Yezu Kristu naye aliketi akitazama sanduku la hekalu, akamsifu mjane mwenye sarafu mbili kupita matajiri wote.

Lakini tusikosee hapa. Kusema kwamba zawadi haihitaji fedha si kusema kwamba haina gharama. Mapendo yasiyogharimu kitu ni maneno tu. Maskini akikosa dola anazo mali nyingine, nazo huziachia kwa shida: nguvu zake, usingizi wake, kiburi chake, ulimi wake. Hizo ndizo atakazolipia sikukuu yake.

Tufikiri, kwa mfano, bwana mmoja fundi wa mbao na mke wake, wenye watoto wanne, wanaokaa katika kibanda kimoja. Siku hiyo aamke kabla ya wote, achukue bidoni aende mwenyewe kuteka maji, ingawa wanaume wengine watamcheka njiani. Awashe makala, apike chai, amwambie: “Mama watoto, leo usiamke upesi.” Kama siku zilizopita waliweka kando franka chache, wanunue fungu la sambaza, wale pamoja na watoto kwa bugali na sombe, wote katika sahani moja. Wavae nguo zao za Jumapili. Jioni baba awasimulie watoto namna alivyomwona mama yao mara ya kwanza, na mama naye asahihishe pale anapotia chumvi. Watoto watacheka, nao watajua kwamba walizaliwa kwa mapendo, si kwa bahati mbaya. Halafu wawili hao watembee kidogo, wakiweza hata ukingo wa ziwa, waseme yale yasiyoweza kusemwa ndani ya kibanda ambacho ukuta wake ni karatasi na jirani husikia kila neno. Mwisho warudie mbele ya Mungu ahadi waliyoiweka siku ya ndoa. Katika mambo hayo yote, kilicholipiwa kwa fedha ni samaki tu.

Tarehe 14 Februari 2014 marehemu Baba Mtakatifu Fransisko aliwapokea wachumba maelfu katika uwanja wa Mtakatifu Petro, akawafundisha maneno matatu ya kutunza nyumba: kuomba ruhusa, kushukuru, na kuomba radhi. Haya hayauzwi sokoni. Lakini mwulize bwana yeyote kama neno la tatu ni rahisi kulitoa.

Hapa nalazimika kusema jambo zito. Katika miaka ile ya kambi, mama wengi walikwenda kutafuta kuni katika msitu wa Virunga kwa sababu watoto walikuwa na njaa, nao walikutana huko na watu wenye silaha waliowatendea jeuri. Walirudi wakiwa wameumizwa. Watu wakanong'ona. Kuna mabwana waliokataa chakula kilichopikwa na mikono ya wake zao, na kuna waliotoka kibandani wasirudi. Ndugu wanaume, tuseme wazi: kosa ni la mtenda jeuri peke yake, mke hana dhambi wala aibu yo yote katika jambo hilo. Mji wa Roma ulipotekwa mwaka 410, Mtakatifu Augustino aliandika katika kitabu chake Mji wa Mungu kwamba usafi wa moyo hauondolewi na jeuri ya mtu mwingine. Basi mume anayempeleka mkewe kwa mganga, anayekaa naye mlangoni pa kibanda machoni pa wote wanaonong'ona, akala naye sahani moja, huyo amefanya sikukuu ya mapendo. Hakuna duka linalouza zawadi kama hiyo, na hakuna tajiri aliyempita kwa kutoa.

Limebaki swali la mwisho, nalo ni la mtu mwenye huruma: “Je, yafaa nifurahi na mke wangu, na jirani yangu hapa karibu ni mjane?” Swali hili jema limejibiwa katika sheria ile ile ya Vibanda. Mungu hakusema furaha iondolewe kwa ajili ya wenye huzuni. Alisema mgeni, yatima na mjane waitwe ndani ya furaha hiyo. Kwa hiyo fanya sikukuu yako bila makelele na bila majivuno, na kabla hujala tuma mtoto apeleke sahani kwa mama yule. Kama sambaza ni kumi, ziwe nane kwako. Furaha inayogawanywa haimwumizi aliyefiwa. Inayomwumiza ni ile inayofungiwa mlango na kupigiwa kelele.

Basi, wasomaji wapenzi, jibu langu ni hili. Walio katika hema wana sikukuu ya mapendo kama wengine wote, tena wana deni la kuifanya, kwa maana nyumba ya mtu ikishateketea kwa moto wa mlima au kwa vita, ndoa yake ndiyo paa linalobaki juu ya watoto. Paa hilo likitobolewa na dharau, hakuna shitingi itakayoliziba. Wasingoje nyumba, wasikope kwa kujionyesha, wasimsahau mjane. Na ninyi mlio na nyumba za mawe au za mbao, mwaka huu jaribuni kuifanya sikukuu hiyo kwa mali ya maskini: kwa nguvu, kwa muda, na kwa neno la radhi. Mtajua wenyewe kama mna kitu cha kutoa.

Yezu, Maria na Yosefu, waliokimbilia Misri usiku bila kuaga jirani, wawaombee wote wanaopendana safarini.