Elimu ya Kiingereza Ni ya Nani?

Mzazi mmoja wa hapa Ng'ambo, Tabora, alitujia jioni akasema: "Mwalimu, binti yangu amepata nafasi katika Chuo Kikuu, naye ataka kusoma Kiingereza na vitabu vya washairi wake. Je, niuze mpunga na asali yangu kwa ajili ya hadithi za Wazungu? Kama angesoma udaktari, angetuponya."

Hatukumjibu upesi, maana swali lake ni la haki. Wako wasomi wanaorudi na ulimi mpya tu, wakaona haya kusema na mama zao. Na sisi walimu hatuna budi kuungama. Tulipokuwa wanafunzi tulivishwa kibao shingoni kwa kusema Kiswahili. Tulipokuwa walimu tukawavisha wengine. Hivyo tuliwafundisha watoto kwamba lugha yao ni kosa. Hiyo si elimu, bali ni utumwa.

Lakini kosa hilo si la vitabu. Mwalimu Julius Nyerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria hapa Tabora, kisha mwaka 1949 akaenda Edinburgh, na miongoni mwa masomo yake huko yalikuwamo maandiko ya Kiingereza. Alirudi mwaka 1952. Baadaye, hali ana kazi nzito za nchi, alitafsiri michezo miwili ya Shakespeare: ule wa Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Angalieni jina hilo la pili. Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja. Nyerere akasema mabepari, yaani wengi. Basi hakuwa kasuku. Alisoma akapima kwa akili yake mwenyewe. Tena mwaka 1996 zilitoka Enjili alizozitunga kwa utenzi wa Kiswahili.

Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo. Walichukua pembe za ndovu zisizo zao, lakini walirudi nyumbani na ujira wa nguo na shanga. Vivyo hivyo msomi: si aibu kubeba cha mgeni, aibu ni kurudi mikono mitupu.

Na haja ipo. Mtoto wetu humaliza shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza hukutana na masomo kwa Kiingereza. Wengi hukariri wasiyoyafahamu, nasi twawaita wajinga. Mwalimu aijuaye lugha hiyo kwa kina, asiyeidharau yao, aweza kuwavusha. Je, huyo naye haponyi?

Tulimwambia mzazi: "Mpeleke, baba, lakini akirudi muulize, umetuletea nini?" Akanyamaza kitambo, akasema: "Na ninyi mtavunja kile kibao?"

Swali hilo, ndugu wasomaji, latuhusu sisi walimu kabla ya binti yule.