Neno Ambalo Bram Hakulisikia

Ni lini ulipomwambia mwenzi wako mara ya mwisho kwamba unamfurahia? Usijibu upesi. Kwanza nikusimulie kisa cha bibi mmoja mzee.

Bibi huyo ni Hagar Shipley katika The Stone Angel, yaani Malaika wa Jiwe, riwaya ya Margaret Laurence wa Kanada iliyotolewa mwaka 1964. Mwaka 2007 Kari Skogland aliifanyia riwaya hiyo filamu, na Ellen Burstyn akaigiza Hagar wa uzeeni. Jina latokana na sanamu ya malaika iliyonunuliwa Italia na babake Hagar, ili isimame juu ya kaburi la mkewe. Ilikuwa ya fahari, lakini mchongaji hakuitia mboni. Ni malaika asiyeona.

Hagar, binti wa mwenye duka, aliolewa na mkulima Bram Shipley kinyume cha mapenzi ya babake, naye baba akamnyima urithi. Bram hakuwa na adabu za mezani, na pombe aliipenda. Hagar akamwonea haya mbele za watu. Hata hivyo, katika faragha ya ndoa yao, alimfurahia mumewe. Alijikaza tu asijulikane, na Bram hakujua kamwe. Baada ya miaka mingi Hagar alimwacha, akaenda zake na mwanawe John. Aliporudi, Bram alikuwa karibu kufa, wala hakumtambua tena. Kisha John naye akafa katika ajali. Watu walitaka kumfariji Hagar apate kulia, naye akakataa. Moyo wake ukawa kama ile sanamu.

Pengine utasema, "Bram alistahili, alikuwa mlevi." Ni kweli, kosa la mume lisemwe waziwazi, na hakuna mke anayeamriwa kuvumilia kipigo. Lakini je, kimya cha Hagar kilimponya Bram ulevi? Kilimwongezea upweke tu, naye Hagar pia kikamfunga.

Tena usidhani kiburi hukaa kwa matajiri peke yao. Kiburi ni mke anayepakua chakula bila neno kwa siku tatu, akingoja mume aanze. Ni mume anayeona kwamba akimshukuru mkewe atapoteza heshima yake. Ni mtu anayemwomba jirani msamaha kwa kumkanyaga mguu, lakini mwenzi aliyemkanyaga moyo hamwombi. Kumbuka siku ya arusi yenu: mliahidiana upendo mbele ya altare kwa sauti, hata walioketi nyuma wakasikia. Mbona sasa upendo huo umekuwa siri?

Hagar alipokuwa na umri wa miaka tisini, akiwa mgonjwa hospitalini, mchungaji alimtembelea. Akamwomba amwimbie wimbo wa sifa. Aliposikiliza, akatambua kwamba siku zote alitamani kufurahi tu, na kiburi ndicho kilichomzuia. Baadaye alimwambia Marvin, mwanawe mkubwa aliyemtunza na ambaye hakumthamini, kwamba amekuwa mwema kwake, mwema kuliko John. Marvin alikuwa amengoja neno hilo maisha yake yote. Kwake lilifika kwa wakati. Kwa Bram halikufika.

Bwana wetu hakuona haya kupiga magoti na kuwaosha wanafunzi wake miguu. Wewe unaona haya ya nini? Leo usiku, baada ya sala ya familia, watoto wakisha kulala, mwambie mwenzi wako jambo moja jema ambalo hujapata kumwambia. Kama kuna ugomvi kati yenu, wewe uanze. Usiliweke neno hilo hadi siku ya mazishi. Huko maneno matamu husemwa mengi, lakini anayesifiwa hasikii.