Mwanangu, Ulikuwa Unajua?



Vijana wenzangu, leo sina tafakari ya kupendeza sana. Nina meseji moja tu ya WhatsApp. Iliingia Jumanne moja ya mwezi wa saba, saa mbili usiku, nikiwa nakunja vitenge sebuleni kwetu hapa Tunduma. Ilisema: "Mwanangu, ulikuwa unajua?" Maneno matatu basi. Juu yake kulikuwa na picha ya stetasi yangu mwenyewe ya asubuhi ile: kitenge kilekile, bei mpya, elfu ishirini na mbili.

Siku tisa kabla, mama huyo alikuwa amenunua kwangu pisi ishirini za kitenge hicho kwa elfu ishirini na saba kila moja.

Nianze mwanzo. Nafanya biashara ya vitenge nyumbani. Sina fremu, sina meza sokoni. Nina kabati la mama, simu moja yenye laini mbili, na bando. Anayeijua Tunduma anajua kwamba hapa mtu hahitaji kwenda mbali kutafuta mzigo. Ukivuka upande wa pili uko Nakonde, Zambia; watu wanavuka kwenda na kurudi kama mtu anayekwenda kwa jirani kuomba chumvi. Malori ya Lusaka na Lubumbashi yanapanga foleni hadi unachoka kuyahesabu. Tangu kituo cha forodha cha pamoja kilipozinduliwa Oktoba 2019, na marais wawili wakiwa hapa, mambo yamekuwa mepesi kuliko enzi za wazazi wetu, lakini foleni ni foleni, na mzigo ukichelewa bei inapanda, ukifika bei inashuka. Kwacha nayo ina tabia zake.

Kwa hiyo kazi yangu hasa ni kujua. Kitenge anacho kila mtu. Mimi najua lori gani limekwama, nani anashusha balo lini, bei ya jumla itakuwaje wiki ijayo. Hiyo ndiyo mtaji wangu, na ndiyo iliyoniponza.

Yule mama ni katibu wa kwaya ya kigango kimoja upande wa Mbozi. Walitaka sare mpya kwa ajili ya somo wao, Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, tarehe 15 Agosti. Walikuwa wamechangishana, wengine elfu mbili mbili kila Jumapili, kwa sababu malipo ya kahawa yalikuwa hayajatoka. Aliniambia yote hayo kwa sauti, zile meseji ndefu za sauti za akina mama, kuku wanalia nyuma. Nilizisikiliza zote. Kisha akauliza swali moja: "Mwanangu, hakuna mzigo mwingine unaokuja wa bei nafuu kidogo? Maana tuna muda, fundi tumeongea naye."

Nikamjibu: "Shikamoo mama. Kwa sasa huu ndio uliopo."

Angalia hilo jibu vizuri. Kila neno ni kweli. Kwa sasa, ndiyo. Huu ndio uliopo, ndiyo. Na nilikuwa najua kabisa kwamba wiki haitaisha kabla mzigo mkubwa haujashushwa, na bei itaanguka. Mdogo wangu alikuwa anatakiwa kuripoti kidato cha tano, godoro na ndoo havijanunuliwa. Pisi ishirini nilizonunua kwa elfu ishirini na moja moja zilikuwa zimelala kabatini. Nikiuza sasa, faida laki moja na ishirini. Nikisubiri, elfu ishirini tu. Basi, nikatuma Lipa Namba.

Sasa swali. Je, niliiba?

Nilipompelekea swali hili rafiki yangu wa VIWAWA, alicheka. Akasema: bei ya siku ile ilikuwa elfu ishirini na saba kwa kila mtu, si yeye peke yake. Hukumlazimisha. Kitenge hakikuwa na kasoro. Biashara ndiyo hiyo bana, ungemwambia ungekuwa umefungua ofisi ya ushauri.

Nilitaka sana kumkubalia. Na kumbe anaye mtu mkubwa wa upande wake. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki 1274, ameandika juu ya jambo hili hili kwenye Summa yake, sehemu ya pili ya pili, swali la 77. Anauliza kama muuzaji anabanwa kutaja kasoro ya kitu anachouza. Anasema kasoro iliyofichika, inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima uiseme. Kasoro inayoonekana kwa macho, kama farasi mwenye jicho moja, si lazima, ilimradi bei umeishusha inavyostahili. Halafu anafika kwenye kisa cha mfanyabiashara wa nafaka. Mtu anapeleka ngano mahali ambapo bei yake iko juu, na anajua kwamba nyuma yake wengine wengi wanakuja na ngano. Je, awaambie wanunuzi? Thoma anasema: akiuza kwa bei anayoikuta pale, haonekani kuvunja haki kwa kutosema. Akisema, au akipunguza bei, atakuwa amefanya wema mkubwa zaidi, lakini haki haimbani.

Niliposoma hapo nilishusha pumzi. Ngano ni vitenge, meli ni malori, nimepona.

Lakini kisa hicho hakikuanza na Thoma. Kimo kwa Cicero, Mrumi aliyekiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, na kwake mfanyabiashara anatoka Aleksandria kwenda kisiwa cha Rodo. Cicero anawagombanisha wanafalsafa wawili. Diogene anasema kunyamaza si kuficha. Sheria imekuambia utaje kasoro, umetaja, basi uza. Antipatro anasema hapana, mnunuzi asiachwe gizani juu ya lolote unalolijua wewe. Cicero mwenyewe anaegemea kwa Antipatro: ukinyamaza kwa faida yako, ukitaka mwenzako asijue jambo ambalo lingemsaidia, huko si kunyamaza tu, ni kuficha. Watu wawili wakubwa, wamepishana zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu, nao hawakupatana. Mimi mwenye kabati la vitenge ni nani nikatoe hukumu?

Nilichokiona baada ya siku kadhaa za kukigeuza kichwani ni hiki. Mfanyabiashara wa Thoma hakuulizwa. Alifika sokoni, akapanga ngano, akauza. Mimi niliulizwa. Yule mama alisema wazi, hakuna mzigo mwingine unaokuja? Kunyamaza kungewezekana; ningeweza kusema, "Mama, habari za mzigo unaokuja siwezi kukuhakikishia, bei hupanda na kushuka, amua mwenyewe." Kwa jibu hilo ningekuwa mchoyo, lakini si mwongo, na mama angejua kwamba kuna kitu cha kusubiri. Nilichofanya ni kuchukua sentensi ya kweli na kuitumia kazi ya uongo. Kuficha ukweli kwa busara Kanisa halikukataza. Kuutengenezea mtu picha isiyo ya kweli ndani ya kichwa chake ni jambo jingine. Bwana alipotufundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo, nadhani alizijua hizi "kwa sasa" zetu.

Na kuna jambo la pili, hili ni la biashara za mtandaoni hasa. Mtu wa Rodo angeweza kwenda bandarini kuangalia bahari. Mteja wa sokoni Tunduma anazunguka vibanda vitano, anashika kitambaa, anakisugua kidoleni, anasikia mapokeo ya vijiwe. Mama wa Mbozi hana hayo yote. Macho yake ni simu yangu. Bandari yake ni mimi. Ndiyo maana Katekisimu, namba 2409, inapoweka chini ya amri ya saba kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwenzako, naona inatugusa sisi wa stetasi kuliko mwenye duka. Kutokujua kwa mteja wetu si bahati mbaya, ndiyo hali yake ya kawaida. Tumejenga biashara juu yake.

Kwa sababu hiyo vile vifaa tunavyofundishana kila siku, "weka katalogi, weka majibu ya haraka", mimi siku hizi naviona kwa jicho jingine. Nitasema vichache vinavyonisaidia, vingine mnavijua kuliko mimi.

Picha napiga mwenyewe, mlangoni, asubuhi kabla jua halijawa kali, na kipande cha futi kikionekana pembeni. Zamani nilikuwa nachukua picha za watu, zenye mwanamitindo na mwanga wa studio, mteja akipokea kitenge analalamika rangi. Picha yangu ni mbaya kidogo. Kitenge kikifika ni kizuri kuliko picha, na malalamiko yamekwisha kabisa. Kwenye katalogi ya WhatsApp Business naandika yadi, naandika kama kinachuja rangi (nafua kipande kwanza, maji ya ndoo yananiambia), na bei naandika. Ile "bei njoo inbox" niliiacha. Ukijiuliza kwa nini unaificha bei, mara nyingi jibu ni kwamba unataka kumwangalia mtu kwanza uone ana uwezo gani.

Laini ya biashara na laini yangu ni mbili tofauti, na daftari ni moja, la karatasi, la mistari. Jina, pisi, bei niliyonunua, bei niliyouza, nauli ya basi, ada ya kutolea. Mzigo ukipanda basi napiga picha risiti ya stendi na namba ya gari, namtumia mteja kabla hajauliza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ina sehemu ya kumlinda mlaji, inataka muuzaji ajitambulishe na aeleze bidhaa na bei kamili. Wengi wetu hatujui hata kama ipo. Na mzigo wa njia za panya siuchukui tena. Hapa mpakani hili ni gumu kuliko linavyosikika, maana ndiyo bei rahisi kuliko zote, na jirani yako anauza hiyo hiyo. Sijifanyi shujaa. Kuna miezi naumia.

Jumapili nimeweka jibu la kujituma lenyewe: tutaongea kesho. Duka la nyumbani halina mlango, usipolifunga mwenyewe linaingia nawe hadi kwenye Komunyo. Mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa kompyuta aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alijiwekea saa moja kwa wiki ya michezo yake ya video, na hiyo aliipenda sana. Mimi nimeshindwa kufikia kiwango chake, lakini Jumapili nimeweza.

Turudi kwa mama. Meseji yake nilikaa nayo usiku mzima. Tiki mbili za bluu zilikuwa zimeshaonekana, kwa hiyo na yeye alijua nimeisoma. Niliandika majibu matatu nikafuta. La kwanza lilikuwa na neno "soko". La pili lilikuwa na neno "soko" vilevile.

Asubuhi nilimpigia. Sikuandika, nilipiga. "Shikamoo mama." "Marahaba." Kimya. Nikasema: "Ndiyo mama, nilikuwa najua. Uliponiuliza nilikuwa najua." Hakunitukana. Alisema tu, "Basi sawa. Mimi niliwaambia wanakwaya kwamba nimeuliza." Hilo ndilo lilinichoma. Alikuwa ameshalibeba jibu langu mpaka mazoezini, akalisema mbele ya watu kama lake.

Deni langu ni kiasi gani? Kwa hesabu ya rafiki yangu, sifuri. Kwa hesabu ya Zakayo, mara nne, ambayo ningefunga biashara. Nilichukua tofauti, elfu tano mara ishirini, laki moja. Padre niliyeongea naye hakunipa namba. Aliniuliza tu mama yule angefanya nini kama ningemjibu vizuri. Angesubiri. Basi laki moja ilikuwa yake.

Sikuwa nayo. Godoro lilikuwa limeshakwenda shuleni na mdogo wangu. Nilimtumia elfu arobaini wiki ile, na ya kutolea juu yake, nikaandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu: bado 60,000. Nyingine nikamaliza Oktoba, kidogo kidogo. Kila nikituma alijibu "imefika", hakuongeza neno. Mara ya mwisho, baada ya "imefika", ikaingia meseji ya sauti, kuku wakilia nyuma. Anauliza kama nina ile ya bluu yenye ndege, ya Noeli, pisi ishirini na mbili, na kama kuna mzigo mwingine unaokuja.

Ulikuwepo. Nikamwambia asubiri hadi Alhamisi.