Hirizi na Saa ya Mkononi

Ndugu zetu Waislamu, twaulizwa kutoka mitaa ya Eastlands, Nairobi: je, yafaa mtoto mwenye usonji avae darasani saa ipimayo mapigo ya moyo, imjulishe mwalimu aanzapo kulemewa na kelele? Au hiyo ni hirizi mpya?

Twajibu: si hirizi. Hirizi haipimi kitu. Saa yapima jambo lililopo, na kutumia sababu alizoziumba Mola hakuvunji tawakali. Usonji nao si pepo wa kupungwa. Ni namna ubongo ulivyoumbwa.

Lakini saa huonya tu, haitulizi. Tena moyo hupiga mbio hata kwa mchezo. Wa kupambanua ni mwalimu, naye darasa lake Pumwani au Kayole limefurika. Tukimvika mtoto saa, tusimpe mwalimu msaidizi wala mahali pa utulivu, tumeigeuza hirizi kwa mikono yetu.

Na habari za mwili wake ni amana. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data yataka idhini ya mzazi.

Sura Abasa iliteremka kwa ajili ya kipofu aliyetaka kufundishwa. Basi sisi tuna udhuru gani wa kumpa mgongo mtoto huyu? Wabillahi tawfiki.