Safu ya Kwanza na Pengo la Kiungo

Msimu ukimalizika, timu za Wesha hufikwa na jambo lile lile linalozifika timu nyingi za Pemba. Kijana aliyeshika katikati ya uwanja, ambaye kila pasi ilipita miguuni mwake, anaondoka. Pengine amechukuliwa na timu ya vikosi huko Unguja, KMKM au JKU, ambako mpira unakuja pamoja na ajira. Pengine amevuka kwenda Bara kutafuta riziki, au yuko dago, kambini na wavuvi wenzake. Wanaobaki husema pengo lake halizibiki. Kauli hiyo ya kijiweni imebeba swali zito: je, mtu anaweza kushika nafasi ya mtu? Jibu langu ni kwamba mtu hana mbadala, lakini kazi yake sharti iwe na mrithi. Timu inayochanganya mambo hayo mawili humdhulumu mchezaji na hujidhulumu yenyewe.

Mafakihi walilikabili swali hili mapema, tena katika jambo zito kuliko mpira. Imamu akitenguka udhu katikati ya sala, anaruhusiwa kumtanguliza mmoja wa maamuma ili akamilishe, na sala ya watu haivunjiki. Ndiyo maana inasisitizwa kwamba wanaosimama nyuma yake wawe watu wenye akili na elimu: anayeweza kushika nafasi yuko karibu kabla haja haijatokea. Mwaka 23 wa Hijria, khalifa Umar bin Khattab alipochomwa kisu katika sala ya alfajiri, alimshika mkono Abdurrahman bin Auf akamtanguliza. Umar alizoea kusoma sura ndefu alfajiri. Abdurrahman alisalisha sala nyepesi, akamaliza. Hapo pana mafunzo mawili. Mrithi hakutafutwa mlangoni, alikuwa safu ya kwanza. Tena hakujaribu kuwa Umar. Aliikamilisha sala kwa kadiri ya hali ilivyokuwa, na hakuna aliyesema kwamba kwa sala ile kufupishwa, Umar alikuwa hana thamani.

Tuyapeleke mafunzo hayo uwanjani. Mwishoni mwa 2022, Feisal Salum, Mzanzibari aliyepitia JKU, alitaka kuachana na klabu yake, Yanga. Shauri lilifika kwa shirikisho la soka la Tanzania, TFF, ikaamuliwa kuwa bado ni mchezaji wa Yanga, lakini uwanjani hakurudi. Wengi waliona katikati pamebomoka. Januari 2023 akasajiliwa Mzanzibari mwingine, Mudathir Yahya, mchezaji wa aina tofauti kabisa, na mzigo ukagawanywa kati yake, Khalid Aucho na Stephane Aziz Ki, ambao tayari walikuwa kikosini. Msimu huo Yanga ilitwaa ubingwa wa ligi na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikalikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini mbele ya USM Alger. Feisal mwenyewe alihamia Azam Juni 2023, na msimu uliofuata akafunga mabao 19 ya ligi. Aziz Ki akafunga 21 na Yanga ikawa bingwa tena. Kama mtu na namba yake vingekuwa kitu kimoja, kuachana kwao kungekiua kimojawapo. Vyote viwili vilistawi.

Mwenye kupinga atanitajia klabu ya Simba. Mwaka 2021, baada ya mataji manne ya ligi mfululizo, iliwauza Clatous Chama na Luis Miquissone, na msimu uliofuata ubingwa ukaenda kwa Yanga. Si ushahidi kwamba wapo wasiozibika? Pingamizi hili lina uzito, lakini tulitazame hadi mwisho. Chama alirudishwa Januari 2022, mtu yule yule na mguu ule ule, na ubingwa haukurudi. Yanga nayo ilikuwa imejengwa upya. Basi kilichopotea hakikuwa mtu peke yake. Ulikuwa mpangilio uliomzunguka, na mpangilio haurudi kwa kumrudisha mtu. Mwingine atasema Yanga ilikuwa na fedha, ilhali Wesha haina. Ni kweli, fedha hununua mrithi aliyeiva. Lakini safu ya kwanza hainunuliwi, hupangwa.

Hata hivyo hoja yangu ina hatari yake, nayo ni kumfanya mchezaji kipuri: akichakaa atupwe, kiletwe kingine. Immanuel Kant alitenganisha vitu vyenye bei na viumbe wenye hadhi. Chenye bei hubadilishwa na kinacholingana nacho, mwenye hadhi hana cha kulinganishwa naye. Usajili huweka bei juu ya huduma ya mchezaji, wala hauwezi kuiweka juu ya mchezaji mwenyewe. Umar huyo huyo alipomwondoa Khalid bin Walid kwenye uongozi wa jeshi, inasimuliwa kwamba aliandika mikoani kuwa hakumwondoa kwa hasira wala kwa hiana, bali alichelea watu wasije wakamtegemea Khalid na kusahau kuwa ushindi unatoka kwa Mungu. Wanahistoria wametaja sababu nyingine pia, lakini hiyo inatufaa hapa: cheo kilichukuliwa, heshima ikalindwa. Kusema fulani hazibiki kunaelekea kumfanya tegemeo lisilomstahiki kiumbe. Kumwondoa kwa matusi kunamshusha chini ya utu wake.

Kwa hiyo mwalimu wa timu ya Wesha ana wajibu wa aina mbili, na hakuna unaongoja mfadhili. Kwanza, kijana wa kumrithi kiungo wake acheze naye sasa, katika mechi za kirafiki na mazoezini, ajifunze wapi pa kusimama mpira unapopotea, badala ya kukaa benchi akingoja siku ya msiba. Akipewa namba, asidaiwe pasi za aliyemtangulia. Adaiwe kazi ya namba hiyo kwa namna yake. Pili, anayeondoka aagwe kwa shukrani hata kama kuondoka kwake kunaumiza, kwa sababu timu ilikabidhiwa kipaji chake kwa muda tu. Amana hurudishwa kwa mwenyewe bila kinyongo, na aliyeipokea akijua tangu mwanzo kuwa atairudisha hana udhuru wa kukutwa hajajiandaa.