Lau Gollum Asingalisaliti

Msomaji wa tendi hufika mara nyingi mahali ambapo hufunga kitabu, kidole chake kikabaki katikati ya kurasa, akajiuliza: ingalikuwaje lau jambo hili lisingalitokea? Wako wataalamu wanaolicheka swali hilo. Husema kwamba hadithi ni kitu kilichokwisha kutimia, na kwamba kuuliza mtu wa kitabuni angalitenda nini kingine ni sawa na kuuliza uzito wa kivuli. Hoja yao ina nguvu katika uhakiki wa ufundi. Katika maadili haina nguvu hata kidogo. Kila amlaumuye msaliti amekwisha kusema, ijapokuwa kimya kimya, kwamba msaliti huyo aliweza kutosaliti. Lawama haina makao mahali ambapo hapakuwa na njia ya pili. Kwa hiyo mwenye kulaumu anawiwa maelezo ya njia hiyo: ilianzia wapi, na ingalimfikisha mtu wapi.

Mfano unaostahili kupimwa kwa swali hili ni hadithi ya Pete iliyoandikwa na J. R. R. Tolkien, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Oxford, ikatolewa kwa juzuu tatu kati ya mwaka 1954 na 1955 kwa jina la The Lord of the Rings. Ni utendi wa nathari, wenye falme, vita na viumbe vya ajabu. Lakini moyo wake ni safari ya watu watatu wadogo. Frodo, wa kabila la Wahobiti ambao kimo chao ni kama nusu ya kimo cha mtu, amebeba dhima ya kuitia Pete ya Sauron, mfalme wa giza, katika moto wa mlima ilikofuliwa, kwa kuwa hakuna moto mwingine uwezao kuiharibu. Sam, mtunza bustani wake, anamfuata kwa mapenzi yasiyo na hesabu. Wa tatu ni Gollum. Huyu naye asili yake ilikuwa ya jamaa za Wahobiti, na jina lake la kwanza lilikuwa Sméagol. Alimwua rafiki yake kwa ajili ya Pete siku ile ile ilipookotwa mtoni, akakaa nayo gizani karibu miaka 500, hata ikamla mwili na akili. Frodo anamkamata, anamwachia uhai wake, na Gollum anaapa kwa Pete yenyewe kwamba atamtumikia bwana wa Pete. Anawavusha vinamasi vya wafu, anawafikisha mpakani mwa Mordor. Kisha, katika njia ya Cirith Ungol, anawapeleka kwenye pango la Shelob, buibui mkubwa wa kale, akitumaini kwamba buibui atakula miili na kutupa mavazi, na katika mavazi yeye ataokota Pete yake.

Mwisho wa safari wajulikana. Frodo anapofika ukingoni mwa moto hawezi kuitupa Pete. Anatangaza kuwa ni mali yake, anaivaa. Gollum anamrukia, anamng'ata kidole na kukikata pamoja na Pete, anacheza kwa furaha, anateleza, anaanguka motoni. Dunia imeokoka kwa jino la haini. Kutokana na hayo wasomaji wengine hukata shauri kwamba usaliti wa Gollum ulikuwa wa lazima. Na kutoka hapo ni hatua fupi tu kusema kwamba haini anastahili shukrani.

Swali hili ni la zamani, na Wakristo wamelijadili kwa jina la Yuda kwa karne nyingi. Katika pwani ya Afrika Mashariki halikuwa na uchungu huo, kwani katika utenzi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, mwana amchomaye baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba hamletei mtu yeyote heri, wala yeye mwenyewe hampati mke aliyeahidiwa. Pale lawama ni nyepesi. Katika hadithi ya Pete ni nzito, kwa kuwa mti ulikuwa mbovu na matunda yakawa mema.

Kwanza yapasa kutenganisha matendo mawili ambayo msomaji mwenye haraka huyafunga kitita kimoja. Unyang'anyi wa motoni si usaliti wa pangoni. Gollum alipomrukia bwana wake mlimani, Frodo mwenyewe alikuwa amekwisha kuiacha amana aliyopewa. Kama usaliti ni kuvunja amana, basi kwa dakika ile haini alikuwa mbeba Pete. Tolkien katika barua zake alikataa kuliita tendo hilo kosa la tabia. Alishikilia kwamba Frodo alitoa nguvu zake zote hata zikamwisha, na kwamba mahali pale, baada ya mateso yale, hapakuwa na kiumbe ambaye angaliweza kuishinda Pete kwa hiari yake. Hayo ni kweli ndani ya hadithi. Lakini kama nguvu hiyo yamwondolea lawama Frodo, aliyekaa na Pete miaka isiyofika 20, haki yadai kwamba imwondolee Gollum sehemu kubwa ya lawama ya dakika ile, kwani yeye alikaa nayo karibu miaka 500. Usaliti uliofikiriwa na kupangwa, ambao mwenyewe aliubeba siku kwa siku kifuani na kuweza kuuweka chini, ni ule wa pangoni. Na ule, kwa nafsi yake, haukuitia Pete motoni.

Nao haukuwa na mwanzo mmoja. Kabla ya pango kulikuwa na bwawa la Henneth Annûn, mahali palipokatazwa wageni kwa adhabu ya kifo. Askari wa Faramir walikuwa wamemwelekezea Gollum mishale usiku alipokuwa akila samaki wake. Frodo akashuka mpaka majini, akamwita kwa upole amfuate, akijua kwamba wakamataji wamejificha nyuma yake. Aliokoa maisha ya Gollum, wala hapakuwa na namna nyingine. Lakini Gollum hakuiona mishale. Alichoona ni kwamba bwana mmoja tu aliyemwamini katika umri wake wote amemwita kwa sauti tamu mpaka mikononi mwa watu wenye kamba. Frodo mwenyewe alihisi wakati ule ule kwamba tendo lake litaonekana kuwa hiana. Hapa yamkini wapo watakaosema kwamba kosa la fahamu si kosa la tendo. Sawa, lakini moyo ulioumizwa kwa kosa la fahamu huuma vile vile.

Halafu ikaja saa ya ngazini. Wahobiti wawili wamechoka, wamelala mawe yakiwa kitanda chao, kichwa cha Frodo kikiwa mapajani mwa Sam. Gollum anarudi kutoka kwa Shelob. Njama imekwisha kusukwa. Anawakuta katika usingizi huo wa amani. Anasimama. Anageuza uso kuelekea njia ya juu alikotoka, anatikisa kichwa kama mtu abishanaye na nafsi yake. Kisha ananyosha mkono unaotetemeka, anagusa goti la Frodo kwa woga, karibu kwa mapenzi. Mwandishi anaeleza kwamba lau wenye kulala wangaliamka na kumwona vema, wangalidhani ni Mhobiti mzee aliyechoka, ambaye miaka imemchukua mbali na jamaa zake na na mashamba ya ujana wake. Lakini Frodo alitoa sauti usingizini, Sam akaamka, na alichokiona Sam ni mkono wa mwizi juu ya bwana wake. Akamkemea kwa ukali na kumshtaki kunyemelea. Uso uliokuwa umelainika ukafunga. Baadaye kidogo Sam alijuta, akasema maneno ya kuomba radhi, ila maneno hayo yalimfikia mtu mwingine.

Hakuna mahali katika juzuu zote tatu ambapo njia ya pili ilikuwa karibu kuliko hapo. Haikuhitaji upanga wala mchawi. Ilihitaji mtumishi mmoja mwaminifu aamke akiwa na subira ya pumzi mbili. Na aliyeikosa subira hiyo hakuwa mtu mbaya. Ukali wa Sam ulikuwa sehemu ya uaminifu wake. Alimpenda Frodo kwa mapenzi yaliyojaa hata yasibakize nafasi ya mtu mwingine kumpenda, na mlango huo uliofungwa ndio uliomrudisha Gollum pangoni. Hadithi nyingi husifu uaminifu kana kwamba ni dhahabu isiyo na takataka. Hii yasema jambo gumu zaidi: kwamba uaminifu wa mmoja waweza kuzima uaminifu uliokuwa ukizaliwa katika mwingine.

Tolkien mwenyewe aliiona saa hiyo kuwa labda ya msiba mkubwa kuliko zote katika hadithi yake. Katika barua aliyoiandika mwaka 1963 kumjibu msomaji, ambayo ilichapishwa katika mkusanyo wa barua zake mwaka 1981, alifanya kazi ile ile inayochekwa na wataalamu: alikaa akawaza mambo yangalikwendaje lau Sam angaliyatambua mageuko ya Gollum. Jibu lake halikuwa jepesi. Kuingia Mordor kungalikuwa kwa namna nyingine, na moyo wa hadithi ungalihamia kwa Gollum, katika vita baina ya toba yake na mapenzi mapya upande mmoja, na Pete upande wa pili. Mapenzi yangalikua kila siku, walakini yasingaliweza kuing'oa Pete moyoni. Mwisho wake, kwa namna ya kusikitisha, Gollum angalijaribu kuzitimiza tamaa zote mbili: angaliiba Pete au kuinyang'anya karibu na moto, na baada ya kuishika, angalijitupa mwenyewe motoni kwa ajili ya Frodo.

Jibu hili lahitaji kutazamwa sana, kwa sababu lavunja hoja ya lazima. Bila usaliti wa pangoni Pete ingaliteketea vile vile, mahali pale pale, mkononi mwa mtu yule yule. Tofauti ni kwamba mkono huo ungalijua ulifanyalo. Aliyeanguka kwa kuteleza angalishuka kwa kukusudia. Mauti yaliyokuwa bahati yangalikuwa zawadi. Basi usaliti haukununua wokovu wa dunia. Kilichobadilika kwa sababu yake ni hali ya Gollum alipokufa.

Yaweza kupingwa kwamba mtunzi si hakimu wa mwisho wa kitabu chake, na kwamba barua si sura ya kitabu. Pingamizi ni la haki. Hata hivyo Tolkien alikuwa na historia ya pekee katika jambo hili. Gollum alitokea kwanza mwaka 1937 katika The Hobbit, na katika chapa hiyo hakuwa haini hata kidogo: alishindana kwa vitendawili na Bilbo, akashindwa, akawa tayari kumpa Pete kama zawadi aliyoahidi, alipoikosa akaomba radhi, akamwonyesha mgeni njia ya kutokea. Katika chapa ya mwaka 1951 mtunzi aliigeuza sura hiyo, akamfanya Gollum avunje ahadi na kukusudia kuua, na huruma ya Bilbo ya kutomchoma kwa upanga ikapata uzito ambao baadaye ulibeba hadithi yote. Mtu huyu alikuwa amemwandika Gollum mwenye kutimiza ahadi na Gollum mwenye kuivunja, kwa kalamu ile ile. Alipouliza ingalikuwaje, hakuwa akicheza.

Kuna manufaa mengine ya usaliti ambayo watetezi wake huyataja. Baada ya Frodo kuchomwa na buibui alichukuliwa na askari wa ngome. Askari hao wakauana kwa kugombea deraya yake ya thamani, na mavazi yao yakawasaidia Wahobiti kupita Mordor. Hayo ni mambo ya njia tu. Gollum aliyeijua nchi ile angaliweza kuwatafutia njia nyingine, au kufia humo.

Faida moja ni nzito zaidi, nayo haimhusu Frodo bali Sam. Kwa kuwa Frodo alidhaniwa amekufa, Sam aliichukua Pete, akaibeba kwa muda mfupi. Alionja uzito wake na ahadi zake. Siku kadha baadaye, katika mteremko wa mlima wa moto, Gollum akiwa chini ya upanga wake na hakuna shahidi, Sam hakuweza kuua. Yule aliyekosa subira ya pumzi mbili ngazini sasa aliijua, kama kwa mwangwi, taabu ya kiumbe aliyeteswa na kitu kile kwa muda wa vizazi vingi. Huruma hiyo ilitoka pangoni, hilo halikanushiki. Lau Gollum asingalisaliti, Sam asingaliibeba Pete, na yamkini angalibaki hadi mwisho akimwona Gollum kama alivyomwona usiku ule, mkono wa mwizi na basi.

Lakini saa ya mlimani si saa ya ngazini. Huruma ya Sam ilipofika, aliyeihitaji hakuwepo tena. Aliyekuwa akilia mavumbini alikuwa ameachwa na Sméagol siku nyingi, na alipoachiliwa alirudi nyuma yao kwa kimya kuifuata Pete. Moto ulipokwisha kuimeza Pete na mlima ukaanza kupasuka, Frodo, akiwa na vidole tisa, alimtaja Gollum, akasema kwamba bila yeye kazi isingalitimia, na kwamba yafaa wamsamehe. Hakusema kwamba wamshukuru. Sam alikuwa kando yake, ameushika mkono uliojeruhiwa, na kitabu hakisemi kwamba alijibu neno juu ya Gollum.