Lawama ya Panya

Mwezi wa Julai 2022, watu wa Ruangwa, mkoani Lindi, walipatwa na homa iliyowatoa damu puani. Wagonjwa walikuwa 20, na watatu kati yao wakafariki. Wizara ya Afya ilipoyatambua maradhi hayo iliyaita homa ya mgunda. Mgunda ni shamba. Na aliyesoma habari za misafara ya kale ataikumbuka Mgunda Mkali, nyika ya kiu waliyoivuka wapagazi wa pwani kabla ya kufika Tabora na kisha Ujiji. Jina la homa halikumtaja panya, ijapokuwa mkojo wake, kama ule wa mifugo na mbwa, hupeleka vijidudu majini na topeni, navyo vikaingia mwilini kwa mguu wenye mkwaruzo. Limetaja mahali. Aliyelichagua ameukaribia ukweli kuliko wanaomlaani mnyama.

Panya shamba si mwenyeji wa msitu mnene. Msitu ukifyekwa na mahindi yakapandwa, hupata chakula, hupata magugu ya kujificha, na bundi na kicheche waliokuwa wakimla hupungua. Jike huweza kuzaa watoto 10 na zaidi kwa mkupuo mmoja. Mavuno yakiingia nyumbani, naye huyafuata. Tauni ya Lushoto, inayobebwa na viroboto vya panya, iliwapata watu zaidi ya 7,000 kati ya 1980 na 2004, katika milima ya Usambara ambayo misitu yake imekatwa vipande vipande. Si haki kuutwika ukataji wa miti mzigo wote wa tauni hiyo. Lakini si haki pia kuusahau.

Basi ni nani wa kulaumiwa? Swali hili ni zito zaidi likiulizwa Gungu, pembezoni mwa Ziwa Tanganyika, kuliko likiulizwa penye viti vya mikutano. Vilima vingi vya pwani hiyo, nje ya mipaka ya hifadhi ya Gombe, vilikwisha kuwa vipara. Miti yake ilipikia ugali, ilikausha migebuka, ikawa mkaa. Kila mkono ulichukua haja yake ya siku moja. Mradi wa Tacare ulipoanza mkoani Kigoma mwaka 1994 kwa nia ya kupanda miti, wanavijiji walitanguliza mengine: afya, maji na shule. Hawakuwa maadui wa msitu. Waliijua foleni ya madeni yao.

Mlaji wa mkaa aliye mbali hulala penye dari na sakafu ya saruji. Mama wa Gungu huweka gunia la mahindi chumbani wanamolala watoto, kwa sababu likibaki nje litaibiwa. Usiku husikia mkwaruzo, akapiga kofi ukutani, kukawa kimya kidogo, kisha mkwaruzo ukaanza tena.